Hiyo betri unayosema imekufa

Wateja wangu wana sentensi moja wanayoijua wote bila kufundishana: "Fundi, betri imekufa, niwekee nyingine, hiyo katupe." Naisikia karibu kila siku. Imekufa, katupe. Neno la kwanza linalivuta la pili, kwa sababu tunaamini kilichokufa hakina nguvu, kisicho na nguvu hakidhuru, basi pipa la taka ndilo kaburi lake. Nina miaka 11 katika kazi ya kutengeneza simu na kompyuta pakato. Miaka 4 ya kwanza nami nilikuwa natupa. Naandika haya kwa sababu ya kitu kilicholetwa dukani juzi jioni, na kwa sababu ya kopo moja la rangi ambalo mpaka leo sijalisahau.

Juzi alikuja mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, ameshika soksi. Ndani ya soksi kulikuwa na pawabenki. Ganda lake la plastiki lilikuwa limeachana pembeni, limetanuka kama kitabu kilicholowa kikakauka, na kwenye ule ufa zilionekana betri mbili bapa za rangi ya fedha, zile tunazoziita pochi, zimetuna, ngozi imekaza mpaka inang'aa.

"Mwanangu, nimeikuta hivi kwenye droo," akaniambia. "Nilitaka kuitoboa kwa sindano itoe upepo, kama mtu anavyotumbua lengelenge. Halafu nikasema hapana, ngoja nikuulize kwanza."

"Baba, kuniuliza kwanza ndiko kulikokuokoa," nikamjibu, na nilikuwa namaanisha. Niliichukua kwa mikono miwili bila kuibana, nikatoka nayo kwa mlango wa nyuma, nikailaza kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu ambayo hukaa nje mbali na ukuta, nikaimwagia mchanga juu, nikaegesha kifuniko bila kukikaza. Kifuniko kisikazwe kamwe, kwa sababu gesi ikitoka ndani ya chombo kilichofungwa kikakaza, chombo chenyewe kinageuka bomu. Niliporudi ndani mzee alikuwa na swali, na lilikuwa swali zuri: "Sasa hiyo hewa imeingilia wapi, na betri imezibwa pande zote?"

Haikuingia. Imezaliwa humohumo. Ukiweza kuifikiria betri ya lithiamu-ioni kwa ndani, fikiria karatasi mbili ndefu za metali. Moja ni ya shaba, imepakwa grafaiti, ile nyeusi tunayoiona kwenye penseli. Nyingine ni ya alumini, imepakwa unga wa lithiamu uliounganishwa na metali kama kobalti, nikeli au manganizi. Katikati yake umewekwa utando wa plastiki wenye unene wa mikroni 20 hivi, mwembamba kuliko unywele wako. Vyote vimeviringishwa pamoja kama mkeka, vikaloweshwa kimiminika kiitwacho elektroliti. Na elektroliti si maji. Ni viyeyusho vinavyoshika moto upesi, vimetiwa chumvi ya lithiamu yenye florini ndani yake. Betri ikizeeka, ikipigwa na joto, ikichajiwa kupita kiasi, au ikikaa miezi mingi kwenye droo bila chaji kisha ikachajiwa tena, kile kimiminika huanza kuvunjikavunjika, na kinachotokana na kuvunjika huko ni gesi. Gesi haina pa kutokea, pochi inatuna.

Ile sindano ya mzee ingepita ngozi ya pochi, ingepita utando, ingegusanisha shaba na alumini. Betri ingepiga shoti ndani ya tumbo lake yenyewe, na gesi inayotoka ingekutana na cheche mlangoni. Nilipomweleza hivyo alinyamaza, akavitazama vidole vyake kwa muda.

Turudi kwenye neno lenyewe. Mteja akiniambia betri imekufa, siku hizi namwomba anipe dakika moja nichukue mita ya kupimia umeme. Seli, yaani betri moja moja, peke yake au iliyounganishwa na nyingine ndani ya kifaa, ikiwa ni ya kawaida ya lithiamu-ioni ikijaa husoma volti 4.2. Katikati ya safari yake huwa volti 3.7 hivi, ndiyo maana namba hiyo imeandikwa kwenye betri nyingi. Simu iliyozima kwa kuishiwa chaji, ukiitoa betri yake na kuipima, mara nyingi utakuta bado ina volti 3 na zaidi. Simu ndiyo iliyokataa kuendelea, ili kuilinda betri isishuke chini mno. Mle ndani bado kuna kitu.

Tena wengi wanaposema imekufa hawana maana ya kuisha. Wana maana kwamba haikai na chaji. Hiyo ni hali tofauti kabisa, na ina hatari zaidi. Betri iliyobakiwa na asilimia 70 ya uwezo wake wa upya, ikachajiwa usiku kucha, ikaletwa kwangu asubuhi, imebeba asilimia 70 ya nguvu ya betri mpya. Mkononi inaonekana ni kile kile kibati chembamba chepesi. Na hata ile ambayo mita inasoma sifuri, yenye umeme umekwisha kabisa, bado imejaa kile kimiminika kinachowaka. Mimi nimeacha kusema imekufa. Nasema imechoka. Kilichochoka bado kinaweza kukurukia.

Sasa lile kopo.

Ilikuwa mwaka wangu wa nne kazini. Chini ya meza nilikuwa na kopo la bati la rangi ya ukuta, nimelisafisha, ndilo nililotupia betri nilizotoa. Likijaa naliingiza kwenye mfuko wa taka, mfuko unakwenda pipani, basi. Mle ndani kulikuwa na betri bapa za simu, skrubu zilizokosa mwenyewe, vipande vya waya. Jioni hiyo nilikuwa nimefungua betri ya kompyuta pakato nikatoa seli 6 za duara, zile zinazoitwa 18650 kwa sababu zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Huwa zimeunganishwa kwa vipande vya nikeli vilivyochomelewa kwenye ncha zake. Nilivikata kwa mkasi, nikaacha vijilimi vyake vimechomoza huku na huku kama masharubu. Nikazidondosha zote koponi, nikaweka kifuniko, nikakibonyeza kikakaa vizuri. Nilikuwa najiona mtu nadhifu.

Baada ya kama nusu saa nilisikia harufu. Harufu ya elektroliti ukishaijua huisahau: ni tamu, inafanana na ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na haina kabisa sura ya hatari. Nikageuka kutafuta ni chupa gani imeachwa wazi. Kisha nikasikia mluzi mwembamba chini ya miguu yangu. Niligusa kopo kwa mgongo wa kidole nikaurudisha mkono pale pale. Nililisukuma kwa ufagio, sakafuni, kuelekea mlango wa nyuma, na lilipopita kizingiti tu kifuniko kiliruka. Ulitoka moshi mweupe mzito uliotambaa chini kabla ya kupanda, halafu seli moja ikatema moto mrefu wa pembeni kama fataki, ikanyamaza. Nikadhani imekwisha. Dakika kadhaa zikapita, ikafuata ya pili. Kisha ya tatu. Joto la moja linaiamsha jirani yake, ndivyo zinavyofanya.

Nilisimama mbali nikitazama mpaka giza likaingia. Asubuhi nililipindua kopo kwa koleo. Chini kabisa, kijilimi kimoja cha nikeli kilikuwa kimeyeyuka na kushikana na bati, na pembeni yake kulikuwa na tundu dogo lisilozidi tundu la sindano, limezungukwa na duara la buluu. Pale ndipo ncha ya seli ilipoligusa kopo, na ncha ya pili ilikuwa imeshagusa mahali pengine. Bati lilikuwa waya. Nilikuwa nimezichukua seli 6 zenye chaji nikazitumbukiza ndani ya waya.

Ule moto haukunitetemesha kama hesabu niliyoifanya usiku ule kitandani. Kwa miaka 4, nimepeleka makopo mangapi pipani? Na gari la taka linafanya nini ila kukandamiza? Betri inayobanwa na chuma pamoja na karatasi, plastiki na vitambaa vikavu, hiyo ni kiberiti kilichowekwa kwenye rundo la kuni, na nyuma ya gari hilo wamening'inia watu. Kuna watu wengine kule dampo na kwenye vituo vya kuchambua taka, wanachambua kwa mikono. Moto wa aina hii ni jambo wanalolijua vizuri watu wa taka, nchi kwa nchi. Kila nikikumbuka makopo yangu naumia, kwa sababu sitajua kamwe yaliishia mikononi mwa nani.

Kwa hiyo hiki ndicho ninachokifanya sasa, na unaweza kukifanya nyumbani kwako bila kuwa fundi.

Betri ikitoka, haiwekwi kando "kwanza". Inashughulikiwa hapo hapo. Naishika kwa pembeni, nakata kipande cha tepu ya umeme, ile ya plastiki ya kufungia nyaya, chenye urefu wa vidole viwili. Nakilaza juu ya ncha za dhahabu za kiunganishi, nakikunja kurudi upande wa pili, nakisugua kwa ukucha mpaka kinanata bila kuacha mdomo wazi. Kama ni seli ya duara, naziba ncha zote mbili, ya chanya na ya hasi, kila moja kwa kipande chake, na ninashusha tepu kidogo kwenye shingo ya ile ncha ya chanya, maana watu wengi hawajui kwamba mwili mzima wa seli ile, chini ya ngozi yake nyembamba ya plastiki, ni hasi. Ngozi ikichubuka karibu na shingo, chanya na hasi ziko umbali wa milimita moja tu. Betri ya simu yenye waya, waya haikatwi kwa mkupuo mmoja. Mkasi wenyewe ni chuma, ukikata nyaya zote mbili pamoja umepiga shoti kwa mkono wako. Ziache nzima, uzizibe ncha.

Kisha kila betri inaingia kwenye mfuko wake wa plastiki, peke yake. Hapa ndipo wengi wanapoona nazidisha. Wanauliza kama tepu haitoshi. Tepu hubanduka, hasa kukiwa na joto, na mfuko ni wa siku hiyo tepu itakapobanduka. Mifuko naipanga ndani ya boksi gumu la karatasi au chombo cha plastiki chenye kifuniko kisichokaza, mahali pakavu, pasipopigwa na jua, mbali na mlango tunaotokea. Sisemi mbali na jiko kwa sababu hilo unalijua. Nasema mbali na mlango, kwa sababu nimeona watu wanavyoweka vitu vya kutupwa karibu na mlango ili wasivisahau wakitoka, na likitokea la kutokea, mlango ndio utakaouhitaji.

Betri iliyotuna, iliyobonyea, iliyotoboka au inayovuja haichanganywi na hizo. Hiyo ni ya ndoo ya mchanga, nje. Haichajiwi tena hata kwa kujaribu, haibanwi ili kifuniko cha simu kirudi, haipelekwi kwa posta, haipandi nayo mtu kwenye ndege. Kwa ndege, hata betri za akiba zilizo nzima huwa zinabebwa na msafiri mkononi kwenye chumba cha abiria, haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini, na kikomo cha kawaida ni saa-wati 100, kipimo cha nguvu ambayo betri inaweza kubeba, bila idhini ya shirika la ndege. Kanuni hizo si za bure. Mwaka 2010 ndege ya mizigo ilianguka Dubai baada ya moto kuanza kwenye shehena iliyokuwa na betri za lithiamu nyingi, na marubani wake wawili wakafa.

Kama betri iliyotuna imo ndani ya simu na imegandishwa kwa gundi, naomba sana usiing'oe kwa kisu. Nakuomba kama ninavyomwomba kijana ninayemfundisha kazi. Yeye alipoanza aliniambia, "Dada, nimeona watu wanafungua kwa bisibisi, inatoka mara moja." Ni kweli inatoka mara moja. Mimi hutumia spiriti kulainisha gundi na kijiti cha plastiki bapa, nasukuma kidogo, nasubiri, nasukuma tena, na bado moyo hunidunda. Wewe izime, usiichaji, ipeleke nzima nzima, simu na betri yake.

Kuna jambo moja ambalo limeenea sana na ningependa tuliache: maji ya chumvi. Utaambiwa uitumbukize betri kwenye ndoo ya maji yenye chumvi, iishe nguvu, kisha uitupe salama. Nilifanya hivyo baada ya lile kopo, kwa nia njema kabisa. Niliweka seli 4 za duara. Mapovu yalianza kwenye ncha, nikafurahi. Siku ya pili maji yalikuwa na tope la kutu lenye rangi ya kijani, ncha za chanya zimeliwa. Nikazitoa kwa glovu, nikazikwangua, nikazipima: mbili zilikuwa bado na volti 3 na ushei. Chumvi ilikuwa imekula ncha kabla umeme haujaisha, na ncha ikiliwa, mlango umefungwa, nguvu imebaki ndani. Sasa nina seli zenye chaji, zisizopimika vizuri, zilizodhoofika kwenye mihuri yake, pamoja na ndoo ya maji machafu nisiyojua pa kuyamwaga. Mapovu yale yana hidrojeni, ambayo nayo huwaka. Na maji yakipenya ndani, ile chumvi ya florini ikikutana nayo hutoa floridi ya hidrojeni, ambayo ni sumu ya mapafu na ngozi. Viwanda vina njia zao za kumaliza umeme kwa vipimo na vyombo vyao. Nyumbani, njia salama ya kupunguza chaji ni kuitumia simu au taa yenyewe kwa kawaida mpaka ijizime, mradi betri haijatuna. Hapo iache.

Kuizika pia siyo njia, wala kuichoma. Sitakaa sana hapo.

Sasa unaipeleka wapi? Swali hili ndilo linalowakatisha watu tamaa, na nawaelewa. Jibu linatofautiana mji na mji, lakini milango ni ileile mitatu na inafaa kuibisha yote. Kuna waliokuuzia: maduka mengi makubwa ya simu na vifaa vya umeme hupokea betri za zamani, na mahali pengine sheria huwalazimisha. Kuna halmashauri au mamlaka ya taka, ambayo inaweza kuwa na kituo au siku ya kupokea taka hatari. Na kuna wanaokusanya taka za umeme kwa ajili ya viwanda. Kabla hujabeba, piga simu uulize maswali mawili: je, mnapokea za lithiamu-ioni, na je, mnapokea zilizoharibika au zilizotuna? Swali la pili ni muhimu kuliko la kwanza. Wengi wanaokubali nzima hawakubali mbovu kwenye sanduku moja, na ukiidumbukiza kimyakimya umemtegea mtu mwingine kopo langu la rangi.

Ukikosa kabisa pa kuzipeleka, ziweke hivyohivyo, zimezibwa, kila moja na mfuko wake, chache, usizirundike. Fundi aliye karibu nawe pengine ana pa kuzipeleka. Muulize, na msikilize anavyojibu. Akikuambia "lete tu nitajua", muulize anazihifadhije. Akikuonyesha kopo la bati lenye skrubu, rudi nazo.

Kinachofuata huko mbele kinanipa moyo, na nadhani watu wangevumilia tepu na mifuko kama wangekijua. Betri zikifika kiwandani humalizwa umeme, husagwa katika mazingira yasiyoruhusu moto, shaba na alumini hutengwa, na hubaki unga mweusi. Mle ndani ya unga ndimo zimo kobalti, nikeli, manganizi, lithiamu na grafaiti. Kwa kemikali hutolewa moja baada ya nyingine na kurudi kutengeneza betri mpya. Njia ya kuyeyusha kwa tanuru hupata kobalti, nikeli na shaba vizuri, lakini lithiamu huelekea kupotea kwenye takataka ya tanuru. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2023, umewapa watengenezaji wa betri ndogo lengo la kukusanya asilimia 63 ifikapo mwisho wa 2027 na asilimia 73 ifikapo mwisho wa 2030, na umetaka lithiamu yenyewe iokolewe kwa asilimia 50 mwisho wa 2027, kisha 80 mwisho wa 2031. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nyingine kwa mikono mitupu ya watu mashimoni. Mimi nikishika betri ya simu iliyochoka nafikiria kuwa kuna mtu aliyeshuka shimoni kwa ajili ya ule unga, na sioni haki ya kuurudisha ardhini dampo, umechanganyika na plastiki.

Halafu kuna betri ambazo hujui unazo. Hizi ndizo zinazonisumbua zaidi sasa, kuliko za simu. Spika za masikioni zisizo na waya, na kiboksi chake cha kuchajia. Mswaki wa umeme. Mashine ya kunyolea. Kalamu za mvuke, yaani sigara za umeme. Taa ndogo za kuchaji, midoli inayotembea, saa za mkononi, feni za mkononi. Vitu hivi vinaharibika, mtu anaona ni plastiki tu, anatupa. Ukiona kitu kina tundu la chaja na hakina mahali pa kuweka betri za kawaida, chukulia kwamba ndani kuna lithiamu. Tafuta maandishi ya Li-ion au Li-Po, yaani lithiamu-ioni au lithiamu-polima, au mchoro wa pipa lenye magurudumu lililopigwa alama ya mkato. Mchoro ule umewekwa kwa ajili yako, kukuambia usikitupe kitu hicho na taka za kawaida, uko kwenye vitu vingi sana, na nimekutana na watu waliouona miaka yote wakidhani ni nembo ya kampuni.

Na ikishika moto? Hili nalisema kwa uzito wote. Watu kwanza. Toka, watoe watoto, usiuvute ule moshi. Una ile sumu ya florini. Ikiwa ni kifaa kidogo, kiko peke yake, hakijachomekwa kwenye umeme wa ukutani, na unaweza kukifikia bila kuingia kwenye moshi, mwagia maji mengi. Watu hushtuka nikisema maji, kwa sababu wamesikia lithiamu na maji haviivi chungu kimoja. Hiyo ni lithiamu tupu ya metali. Kwenye betri hizi za kuchaji kazi ya maji ni kupoza, ili joto lisihamie seli ya jirani. Kufunika kwa blanketi au kuunyima hewa hakutoshi, kwa sababu unga wa ile karatasi ya alumini ukipata joto huachia oksijeni yake wenyewe. Moto ukizimika usikichukue kifaa ukakirudisha ndani. Kiache nje, mbali, mpaka kesho yake na zaidi. Kinaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi. Na kama ni kitu kikubwa, betri ya baiskeli ya umeme au ya skuta, usijaribu lolote. Funga mlango nyuma yako uondoke, piga simu ya zimamoto, uwaambie wazi kuwa ni betri ya lithiamu.

Leo asubuhi nimehesabu boksi langu. Zimo betri 37 za simu, seli 14 za duara, na 3 za spika ndogo ambazo kijana wangu alizitoa na kuziziba mwenyewe, tepu imenyooka kuliko ya kwangu. Alhamisi wanakuja kuzichukua. Ile pawabenki ya mzee bado iko kwenye mchanga nje. Nimewapigia, wamesema wanapokea zilizotuna lakini kwa chombo chake chenyewe, wataleta. Mzee naye amenipigia. Ameenda kufungua droo zake zote na amekuta simu nne za zamani na taa moja ya kuchaji, akauliza azilete lini. Nimemwambia kesho, asizichaji kuona kama zinawaka, na kila moja aiweke kwenye mfuko wake.